Nakala Safi ya Kinywa cha Baba Mkubwa

Bombambili, Songea
11 Februari 2024

Kwako Mwanangu Dorine,

Natumaini waraka huu utakukuta na afya njema, kazini kwako huko Dar es Salaam na katika sala zako, ambazo najua unazisali ijapokuwa hukuzitaja katika barua ya Krismasi. Sisi huku hatujambo. Mama yako mkubwa Ludovika anasumbuliwa na goti la kushoto, lakini goti hilo halijamzuia kunipinga. Mvua ni nyingi kupita kiasi na mahindi ya bondeni yamegeuka manjano kwa maji. Baba yako Pankrasi ni mzima. Alikuja Jumapili, akala, akaongea, akaondoka.

YAH: OMBI LA KUTENGENEZEWA MENO YA JUU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kama utakavyokuwa umesikia kutoka kwa watu ambao hawakuombwa kusema, jino langu la mwisho la juu liling'oka wakati wa Majilio, likabaki ndani ya kipande cha muhogo. Sikulisikitikia, kwa kuwa wenzake walikwisha kuondoka miaka mingi iliyopita na lenyewe halikuwa na kazi. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba ndilo lililokuwa likiyashikilia maneno yangu.

Jambo hili lingeweza kusubiri, isipokuwa kwamba tarehe 15 Agosti, Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, shangazi yako Sista Kunegunda anatimiza miaka hamsini ya nadhiri. Baada ya misa kila familia ya mwanajubilei itatoa neno. Sista ameniletea ujumbe kupitia kwa sista mwenzake: "Aseme Otto, kama bado anaweza kusema." Naomba uyazingatie hayo maneno ya mwisho.

Mdogo wangu Pankrasi amejitolea kunipokea mzigo huu. Unamfahamu baba yako. Akipewa nafasi ataanza na habari za mbuzi na kumaliza na habari za mbuzi, watu watacheka, na Sista atakuwa ameadhimishwa kama mbuzi. Mimi nimewaandikia majirani wa Bombambili barua za ofisini tangu wewe hujazaliwa. Isingekuwa vema nikose neno kwa dada yangu mwenyewe.

Kwa kuwa wewe ndiwe fundi wa meno katika ukoo huu, nawasilisha ombi kwako.

Kuhusu malalamiko yako kwamba simu yangu haipatikani: simu si chombo cha mambo mazito. Maneno ya simuni hayana rasimu.

Ni mimi ningojaye jibu lako kwa heshima,
Baba yako mkubwa,
Otto Mapunda


Dar es Salaam
3 Machi 2024

Shikamoo Baba Mkubwa. Shikamoo Mama Mkubwa, na goti lake.

Mimi mzima. Sala nasali, hasa maji yanapokatika nikiwa na sabuni usoni. Kazi ni nyingi, maana mjini hapa watu wanang'oka meno kama huko mnavyong'oa magugu. Mpe Baba salamu zangu, lakini usimwambie nimesema nini kuhusu mbuzi, kwa sababu bado sijasema.

Ombi lako limepokelewa. Kabla ya hapo, kuhusu simu. Siku ya Krismasi nilipiga, ikapokelewa, nikasikia mtu akisafisha koo, nikasema shikamoo, mtu akasafisha koo tena, kisha ikakatika. Tangu hapo haipatikani. Sasa nimeelewa simu ile ilikuwa na ugonjwa gani, na ugonjwa haukuwa wa simu.

Tufanye hivi. Nenda kwa Daktari Severina, ana zahanati yake ya meno hapo Songea mjini, na tunafanya kazi pamoja mara kwa mara. Yeye atachukua kipimo cha kinywa chako, mimi nitatengeneza meno hapa kwa kufuata kipimo hicho. Nimekwisha kuzungumza naye. Ni mpole, lakini usimfundishe kazi.

Siku hizi kipimo huchukuliwa kwa unga wa rangi ya waridi ambao ukikorogwa unakuwa kama mpira. Kwako nimemwomba atumie njia ya wazee: plasta, yaani unga mweupe wa jasi, ndugu wa ule anaofungiwa mtu aliyevunjika mguu. Sababu ni hii. Meno yako ya mbele ya chini bado yapo, na kwa miaka yote hii yamekuwa yakiigonga fizi ya juu isiyo na meno. Fizi ya namna hiyo hulegea, ukiigusa inayumba. Hiyo dawa nzito ya siku hizi ingeisukuma pembeni, ikachukua kipimo cha kinywa ambacho si chako. Plasta huingia ikiwa nyepesi kama uji wa mtoto. Haisukumi kitu. Inangoja, halafu inaganda ikiwa imeshika kila kitu pale pale ilipokikuta.

Shida yake ni moja. Ikishaganda hainyumbuki, na kinywa cha mtu kina vibonde vyake, kwa hiyo wakati wa kutolewa huvunjika. Usishtuke. Ndivyo inavyotakiwa. Severina atakusanya vipande vyote hadi chembe, atavilaza kwenye boksi lenye pamba, nawe utanitumia kwa basi. Kazi ya kuviunganisha ni yangu.

Nitumie na hotuba pia. Nataka nijue hayo meno yanakwenda kufanya kazi gani.

Mtoto wenu mwenye masikio,
Dorine


Bombambili, Songea
7 Aprili 2024

Kwako Mwanangu Dorine,

Pasaka imepita salama na tumekuombea. Mama yako mkubwa alipika wali wa nazi na akanipa mimi mchuzi wake tu, kwa maelezo kwamba mengine yangenisumbua. Mahindi yaliyonusurika yamebeba. Goti limehamia kulia.

YAH: TAARIFA YA KUCHUKULIWA KIPIMO

Nilihudhuria zahanati siku ya Jumatano kabla ya Alhamisi Kuu, nikiwa nimevaa koti. Daktari Severina alikoroga unga wake, akaupakia kwenye chombo cha bati chenye umbo la kwato, akasema, "Babu, fungua. Pumua kwa pua. Ukisikia joto usiogope, ndiyo inaganda."

Nilikuwa na swali kuhusu utaratibu huo. Niliuliza, lakini halikutoka, kinywa kikiwa kimejaa. Hapo ndipo mama yako mkubwa, ambaye hakualikwa ndani, alipomwambia daktari, "Mwanangu, haiwezekani ikakaa hivyo hivyo mpaka Pentekoste?" Daktari alicheka hadi akalazimika kushika meza. Naandika haya ili ujue mazingira ambamo kazi yako ilifanyika.

Ilipoganda aliivuta. Pakasikika mlio kama wa mtu aliyekanyaga kigae. Daktari akatazama vile vipande akasema, "Safi kabisa!" Mwanangu, nimeishi na watu wa aina nyingi, ila sijapata kumwona mtu akivunja kitu na kukisifu kwa pumzi hiyo hiyo.

Boksi nilikabidhiwa mimi. Nilipofika nyumbani nililifungua kwa ajili ya uhakiki, kama nifanyavyo kwa kila hati inayotoka kwa jina langu. Hali niliyoikuta humo sitaieleza. Inatosha kusema kwamba hakuna barua yoyote niliyoiandika mimi ambayo imepata kufika ofisini ikiwa na doa, mkunjo au neno lililokatwa. Mzigo huu nao umeondoka na basi ukiwa katika hali inayostahili kuonwa na wataalamu.

Naambatisha hotuba, nakala safi.

Wako katika matumaini ya kutafuna,
Otto Mapunda


Dar es Salaam
5 Mei 2024

Shikamoo Baba Mkubwa. Shikamoo Mama Mkubwa. Hilo goti linalohama likifika Dar nitalipokea.

Mimi sijambo. Nimehamia chumba chenye dirisha linalofunguka.

Kipimo kimefika. Nimekikalia wiki nzima bila kukuandikia, kwa sababu sikujua nianze na lipi. Nianze na sifa: tangu nianze kazi hii sijaona kipimo kizuri kama hicho. Hakina ufa. Hakina shimo. Kaakaa la mtu yeyote lina mikunjo, kama mchanga wa mtoni maji yanapopungua. La kwako halina hata mmoja. Ni laini kama paji la sanamu ya Mtakatifu Yosefu. Na ile fizi ya mbele iliyolegea, ambayo ndiyo iliyotufanya tukatumia plasta, imetoweka. Imenyooka kama rula.

Nilimpigia Severina. Akasema, "Dada, mimi nilikifunga kikiwa vipande vinne na unga wa pembeni. Cha kwako kina vingapi?" Nikamwambia kimoja. Akasema, "Babu alikuwa amevaa koti."

Baba Mkubwa, mimi siulizi. Nataja tu nilichokiona chini ya taa. Kwenye nyufa kuna nta ya mshumaa. Kwenye matundu kuna kitu kinachofanana na pati ya fundi rangi ya kuzibia kuta. Na juu ya kaakaa zima kuna mistari myembamba ya msasa. Inawezekana kabisa ni barabara ya Makambako iliyofanya yote haya. Ni barabara yenye mikono mingi.

Nimefanya kazi kwa uaminifu juu ya kipimo nilicholetewa. Ndani ya mzigo huu utakuta bamba la majaribio, meno bado yameshikwa kwa nta tu. Linamkaa vizuri sana mwenye kinywa hicho. Kama unamfahamu, mpe salamu zangu.

Hotuba nimeisoma. Lugha yake ni ya kuvua kofia. Ila nilifika mwisho sijakutana na Shangazi. Nimekutana na "mwanajubilei wetu mpendwa" na "familia iliyoupokea wito wake kwa furaha." Kwa furaha, Baba Mkubwa? Mimi nilipokuwa mdogo nilisikia kwamba babu alikataa katakata, na siku ile hakugusa chakula. Au nilisikia vibaya?

Mwenye kutazama chini ya taa,
Dorine


Bombambili, Songea
9 Juni 2024

Kwako Dorine,

Hatujambo. Baridi imeanza. Tunavuna.

YAH: BAMBA LA MAJARIBIO, NA KUONDOLEWA KWA OMBI

Bamba lilipokelewa tarehe 11 Mei. Kuchelewa kwa barua hii kumetokana na shughuli za mavuno pamoja na sababu nyingine.

Jioni ya siku hiyo nilimwita mdogo wangu Pankrasi aje asikilize hotuba, ili akiisikia yote asafishe mawazo yake kuhusu suala la nani aseme. Mama yako mkubwa alikuwa ameandaa ugali na likolo ya majani ya maboga. Nilivaa bamba, nikasimama, nikaanza. Katika neno "Wapendwa" bamba lilinitangulia, likaanguka ndani ya bakuli la likolo.

Baba yako aliliangalia, kisha akaniangalia mimi. Akasema, "Kaka, kumbe wapendwa wako humu?"

Mama yako mkubwa alitoka nje kwa muda mrefu, akidai anaangalia kuku.

Sitajadili chanzo cha tatizo. Joto la ndani ya basi laweza kuwa na mchango, na mafundi wa siku hizi huzitegemea sana taa zao. Kuhusu yaliyosemwa na marehemu baba yangu nyumbani kwake, hayo si mambo ya kipaza sauti. Familia iliyokaa mbele ya masista, mapadre na wageni wa mbali haisimami kueleza kwamba ilikataa. Hotuba hupelekwa mbele za watu ikiwa imenyooshwa, kama shati.

Baada ya kutafakari nimeona kwamba mtu ambaye hawezi kumaliza neno la kwanza hawezi kupewa maneno yote. Pankrasi atasema. Nimekwisha kumwarifu. Kwa hiyo naomba ombi langu la tarehe 11 Februari lifutwe, na bamba nalirudisha pamoja na barua hii, likiwa limeoshwa.

Otto Mapunda


Dar es Salaam
23 Juni 2024

Shikamoo Baba Mkubwa. Shikamoo Mama Mkubwa, kuku wanaendeleaje?

YAH: KUKATALIWA KWA OMBI LA KUONDOA OMBI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ofisi hii imepokea barua yako na imeisoma mara nyingi, mara ya kwanza ikicheka na zilizofuata haikucheka. Baada ya kuzingatia hoja zote, imelikataa ombi lako. Sababu ni kama ifuatavyo.

Kwanza, Baba alinipigia simu juzi, na yeye hakuwa anacheka. Alisema, "Mwanangu, mimi nimejisemea tu nimchokoze kaka. Sasa ananipa kweli! Nitasema nini pale? Siku Kunegunda alipomwomba baba ruhusa, mimi nilikuwa mtoto, nikafukuzwa nikachunge mbuzi. Najua habari za mbuzi. Yaliyosemwa ndani anayajua Otto." Kwa hiyo mbuzi, Baba Mkubwa, si ujinga wa Baba. Ni yote aliyoachiwa kuyaona. Na Shangazi, alipokuchagua wewe, naona alijua anachokitaka.

Pili ni la kazi, na hili nakuomba ulisome polepole. Wiki hii nimeletewa kipimo cha plasta cha bibi mmoja kikiwa kimevunjika vibaya. Nilivitandaza vipande kwenye kitambaa cheusi. Plasta ikivunjika, kila ukingo una mwenzake mmoja tu duniani. Unavisogeza, husukumi, mpaka unasikia kwenye vidole kwamba vimefika. Halafu unadondosha nta nyuma, upande usiogusa kinywa. Kule ndani huweki kitu. Ukimaliza, hata mkunjo mdogo kuliko unywele umekaa mahali pake. Ndiyo maana Severina alisema safi kabisa. Alikuwa hasifu uvunjaji.

Kilichovunjika nakiunganisha. Kilichosuguliwa siwezi, kwa sababu sehemu niliyokuwa naihitaji ilibaki kwenye meza ya Mama Mkubwa ikiwa vumbi, na bila shaka aliipangusa.

Kwa hiyo utarudi kwa Severina wiki ijayo. Nimemwambia boksi asikukabidhi wewe. Atakabidhiwa Mama Mkubwa, tena jina lake likiwa limeandikwa juu.

Na hotuba, kama bado unayo ile ya kwanza, kabla haijaguswa na msasa, nitumie.

Kwa niaba ya ofisi,
Dorine


Bombambili, Songea
14 Julai 2024

Kwako Mwanangu Dorine,

Tunamshukuru Mungu kwa uzima. Mahindi yako ndani, machache lakini makavu. Goti limepona, jambo ambalo limeongeza mwendo wa mama yako mkubwa na umbali anaoweza kunifuata. Nimesikia umefanya kazi hadi Jumapili; pumzika.

YAH: UTEKELEZAJI WA MAAGIZO

Barua yako ilinikuta sina hali nzuri ya kuijibu, hivyo niliitii bila kujibu.

Plasta ilikorogwa mara ya pili. Safari hii sikuwa na swali. Nilikaa na ule uji mdomoni, nikausikia ukipata joto na kuwa jiwe, nikatazama ukutani palipo na picha ya mtoto anayepiga mswaki. Ulipovunjika sikuruka. Daktari akasema, "Safi kabisa, Babu," nami nikainamisha kichwa kama mtu anayekubali.

Mama yako mkubwa alilibeba boksi kutoka pale hadi stendi, kwa mguu, akiwa amelikumbatia kama mtoto wa ubatizo. Mimi nilitembea nyuma yake, mikono nimeifunga mgongoni mithili ya mshtakiwa. Watu wawili walinisalimu wakidhani tumefiwa. Alipolikabidhi kwa kondakta aligeuka akaniambia, "Umeona? Kumbe mikono yako inaweza kukaa." Hukumu haikuwa na rufaa.

Kuhusu rasimu ya hotuba, sijaitupa. Zaidi ya hapo kwa sasa sina maelezo.

Ningependa kujua kama vipande vilifika vyote.

Baba yako mkubwa,
Otto Mapunda


Dar es Salaam
4 Agosti 2024

Shikamoo Baba Mkubwa. Shikamoo Mama Mkubwa, mbebaji.

Vilifika vyote. Vitano, pamoja na chembe moja ndogo kama punje ya ulezi ambayo niliitafuta kwenye pamba kwa kibano mpaka nikaipata. Ilikuwa kona ya mkunjo wa kaakaa. Sasa nimekiona kinywa chako, Baba Mkubwa. Upande wa kushoto kiko juu kidogo kuliko kulia. Fizi ya mbele inalala kama shuka lisilotandikwa. Kuna kovu dogo nyuma, sijui ulijichoma na nini utotoni. Si kinywa cha sanamu. Nimekipenda zaidi.

Meno ndiyo haya. Sikuyafanya meupe sana. Watu wangedhani umeazima kwa kijana. Yavae asubuhi, yavue usiku, yalaze kwenye maji. Siku za kwanza utajisikia kama mtu aliyekaliwa na mgeni, lakini usimfukuze. Soma kwa sauti kila siku, chochote, hata barua zangu. Usianze na "Wapendwa." Neno hilo lina historia.

Mimi sitaweza kuja, nimenyimwa likizo. Nitakuwa hapa tarehe 15 nikiangalia saa.

Rasimu sijaipata, na sitaiomba tena. Ni yako.

Anayekutakia ulimi mwepesi,
Dorine


Bombambili, Songea
18 Agosti 2024

Kwako Mwanangu mpendwa Dorine,

Sote tu wazima. Sista Kunegunda anakusalimu na amekuombea mbele yetu kwa kukutaja jina. Baba yako anakusalimu. Alivaa suti yangu ya zamani na ilimkaa vizuri kuliko inavyonikaa mimi. Mama yako mkubwa ameimba hadi sauti ikakauka, kwa hiyo nyumba imetulia.

YAH: TAARIFA YA JUBILEI

Misa ilikuwa ndefu na njema. Masista wenye jubilei walishika mishumaa yao, na shangazi yako alionekana mdogo kuliko nilivyomzoea. Zamu yetu ilifika baada ya chakula. Nilikuwa nimeweka nakala safi mfuko wa kushoto wa koti na rasimu mfuko wa kulia. Nilipoitwa, niliingiza mkono wa kulia.

Kwa kuwa hukuwepo, na kwa kuwa uliniomba rasimu nami sikukutumia, nakuandikia nilichokisema.

Nilisema kwamba baba yetu alikataa. Alisema binti anayekwenda kwa masista ni binti aliyefariki bila kufanyiwa matanga. Kunegunda aliomba mara moja, akanyamazishwa, akanitazama mimi. Nilikuwa kijana niliyeishia darasa la nne, na mbele ya baba maneno yalikuwa yakinikimbia. Nikachukua karatasi nikamwandikia ombi. Nilimwandikia mtu tuliyekuwa tukiishi nyumba moja, kwa sababu kwa mdomo nisingeweza kufika mwisho. Ndilo ombi la kwanza nililopata kuandika maishani. Nilipokwisha kulikunja ndipo nilipokumbuka kwamba baba hajui kusoma.

Hapo watu walicheka, nami nikangoja wamalize.

Ikabidi nisimame nimsomee. Nikasoma hadi jina langu chini. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akasema, "Nimesikia. Sijakubali." Akakisogeza chakula pembeni bila kukigusa. Alfajiri tulipoamka alikuwa nje, amelifunga sanduku la Kunegunda kwenye baiskeli yake, ameshika usukani. Wakaondoka kwa mguu kuelekea Peramiho, kwa masista. Hadi anakufa hakuwahi kusema kwamba amekubali.

Rasimu iliishia hapo, kwa kuwa sikuwa nimeiandikia hitimisho. Nikabaki nimesimama na karatasi.

Sista akainuka kwenye kiti chake. Ratiba haikuruhusu, lakini aliinuka, akaja, akakichukua kipaza sauti mkononi mwangu. Akasema, "Otto hajui yaliyosemwa njiani. Tulipofika kilimani baba alisimama apumzike, akaegemea baiskeli, akaniambia: 'Kaka yako anaandika vizuri. Ila maneno ni mengi.'"

Mwanangu, ukumbi wote ulicheka. Mapadre walicheka. Baba yako alipiga meza. Mimi nami nikacheka, kinywa wazi, kichwa nyuma, mbele ya wageni wa mbali, na meno yako hayakutikisika hata kidogo. Kisha nikaona Sista anafuta macho, nikagundua kwamba na mimi nilikuwa nikifanya hivyo hivyo. Kwa miaka yote hii nilidhani baba hakuwa na maoni kuhusu ile barua.

Lile bamba la majaribio nililolirudisha, naomba usilitupe. Mama yako mkubwa anataka kulitundika ukutani, jikoni, juu ya bakuli la likolo.

Mwisho, nakuarifu kwamba simu yangu imewashwa tangu jana. Jioni, baada ya rozari, napatikana. Nitapokea mwenyewe.

Sitakuwa na rasimu.

Baba yako mkubwa,
Otto